Kigae

Oveni ilikuja kwa mizigo kutoka Maskati,
imezongwa kanga mbili alizozichoka Zeyana.
Ndogo, kama kasha la fundi saa,
vitufe vitatu vya kuzungusha: joto, dakika,
na kimoja chenye vistari viwili, juu na chini.
"Wapikie watoto," akasema kwenye simu.
Nikaitua juu ya meza ya chakula, Jadida, Wete,
jirani ya soketi pekee isiyotoa cheche.

Ya kwanza, lawama tugawane mimi na tungule.
Nilizikata mbichi, nikazimwaga na maji yake,
jibini juu, pweza wa jana juu ya jibini,
kitunguu, pilipili boga, kila kilichokuwa jikoni
kikadai nafasi kama jamaa wa bwana arusi.
Juu pakaungua, chini pakabaki uji.
Mulhati akainua kipande, ncha ikalala
kama sikio la mbuzi aliyenyeshewa.
"Baba, hii ya kula au ya kunywa?"

Ya pili niliipa adabu.
Unga uliumuka polepole, usiku kucha ndani ya friji.
Tungule nilizitia chumvi, nikaziacha kwenye chujio
zilie mpaka zimalize.
Pweza nikamkausha kwanza kikaangoni.
Dakika ya sita umeme ukakatika,
huo huo unaotujia kwa chini ya bahari.
Tukala mto mweupe, hamira tupu,
na Faki akaomba mkate wa dukani, kwa heshima.

Sasa nifike pale nisipopataka.
Mama yake Zeyana aliacha kaango la udongo,
la mikate ya ufuta. Zito, jeusi chini,
lilinukia mkate hata likiwa tupu.
Mwezi wa pili tangu mke wangu aondoke
nilikuwa natafuta birika rafu ya juu.
Sikuligusa hata; lilitoka lenyewe.
(Hivi ndivyo ninavyojitetea.)
Vigae nikavitia guniani, gunia chini ya kitanda,
nikawatazama watoto. Wakaelewa.

Jumamosi nikalivuta gunia.
Kigae kikubwa, upana wa viganja viwili,
nikakisugua, nikakilaza kwenye wavu wa oveni,
moto wa juu, moto wa chini, mwisho wa kitufe.
Nusu saa tunapika udongo na hewa
na Faki anasoma yuniti zinavyoshuka kwenye mita
kama mtangazaji wa mpira timu yake inapofungwa.
Donge nikalitanua kwa vidole, kisukumio nikakiacha,
jembamba mpaka ningesoma barua nyuma yake.
Tungule kijiko kimoja. Jibini kwa ubahili.
Pweza vipande saba, nilivihesabu.
Nikaliteleza kwa jalada la daftari la hesabu la Mulhati,
lililonyunyizwa sembe,
likashika umbo la kigae, kisiwa kisichomo ramanini.
Dakika nane. Rehani majani matatu, ya kuomba kwa jirani.

Nilipokata, kisu kikasema kwaru.

Zeyana alikuwa kwenye simu,
imeegemezwa kopo la hamira.
"Nini kimelia hivyo?"
"Chakula."
"Bosi wangu anayo oveni kama hiyo, chini huwa laini.
Umetandika nini?"
Mulhati akamtazama Faki.
Faki akatafuna, kwa sauti mno.
Nikatafuta neno, nikapata "kigae" tu,
na nikalisema.

Kimya. Kule kwao kiyoyozi kinavuma.
"Kipi?" akauliza. "Kile kikubwa,
au kile chenye alama ya kidole cha mama?"

Nikawageukia watoto.
Walikuwa wakihesabu makombo mezani.

"Kile cha kidole kiweke," akasema.
"Kidogo, najua. Kinatosha pizza ya mtu mmoja.
Na usizidishe jibini."